6174: kwanini kila namba inaishia hapa? Wakali wa hesabu njooni

#1 Kisiki Mkavu
Wakuu kwema? Niende moja kwa moja. Chukua namba yoyote ya tarakimu nne, ilimradi zote nne zisifanane. Zipange toka kubwa kwenda ndogo, kisha toka ndogo kwenda kubwa, halafu toa. Jibu utakalopata lifanyie hivyohivyo. Rudia rudia. Utafika 6174 na ukishafika hapo hutoki, maana 7641 toa 1467 inakupa 6174 ileile.

Nimeanza na 1961, mwaka wa uhuru wa Tanganyika:
9611 - 1169 = 8442
8442 - 2448 = 5994
9954 - 4599 = 5355
5553 - 3555 = 1998
9981 - 1899 = 8082
8820 - 0288 = 8532
8532 - 2358 = 6174

Nimebadilisha namba mpaka kalkuleta ya simu imechoka, zote zinarudi palepale. Swali langu ni moja tu, KWANINI? Sitaki "ndivyo ilivyo".

#2 Pilipili Kichaa
Ndivyo ilivyo.

#3 chausiku_a
Hahaha #2 umeanza. Mimi nimejaribu 5895, mita za Kilimanjaro, nikapata 4266, 4176, halafu 6174. Hatua tatu tu tumefika. Aisee.

#4 Gari Bovu
Muongo mleta mada. Nimeweka 2111. 2111 toa 1112 ni 999, halafu 999 toa 999 ni sifuri. Imekufa. Next.

#5 Mwalimu Mstaafu
Gari Bovu punguza spidi kijana. Umeanza na tarakimu nne basi baki na nne mpaka mwisho. 999 iandike 0999. Sasa 9990 toa 0999 ni 8991, kisha 9981 toa 1899 ni 8082, kisha 8532, kisha 6174. Sifuri ya mbele hapa ina kazi yake usiitupe. Zinazokufa kweli ni zile za 1111, 2222 na wenzao, na mleta mada amezitoa toka mwanzo.

#6 Gari Bovu
Sawa mwalimu, shikamoo.

#7 Nyuki Dume
Hii niliiona zamani, ni ya Ramanujan yule Mhindi aliyeenda Cambridge. Jamaa alikuwa anaongea na namba kama watu.

#8 Binti Makunduchi
Siyo Ramanujan, #7 unachanganya Wahindi wawili. Ramanujan amefariki 1920 na namba yake maarufu ni 1729, ile ndogo kuliko zote inayopatikana kwa kujumlisha vipeo vya tatu viwili kwa njia mbili, 1 na 12 au 9 na 10. Hii 6174 ni ya D. R. Kaprekar, amezaliwa 1905 Dahanu upande wa Bombay, mwalimu wa shule tu huko Devlali kuanzia 1930 mpaka alipostaafu 1962. Hakuwa na digrii ya juu ya hesabu wala hakuwa profesa popote. Aliitangaza 1955.

#9 Mwalimu Mstaafu
Ahsante binti, ila hapo kwenye mwaka nikuongezee. 1955 ni makala. Mbele za watu aliitoa 1949 kwenye mkutano wa hesabu Madras. Na kwao wengi walimuona anachezea vitu vya watoto, vingi alivyoandika vilitoka kwenye majarida madogo au anachapisha mwenyewe. Dunia imemjua baadaye sana, 1975, Martin Gardner, mwandishi wa mafumbo ya hesabu, alipomuandika kwenye jarida la Scientific American. Mtu ana miaka sabini ndio anaanza kuwa maarufu.

#10 Pilipili Kichaa
Mwalimu wa shule ya kawaida na namba ina jina lake mpaka leo. Mwl Mstaafu wewe ya kwako iko wapi 😂

#11 Mwalimu Mstaafu
Ya kwangu ni ya TSC, tume ya walimu, ilishafutwa.

#12 Kamba Mbili
Wasee wa TZ naona mmeshika 1961. Sisi Kenya 1963 inaenda hatua tano: 8262, 6354, 3087, 8352, 6174. Uganda 1962 ni hatua mbili tu wameshafika. Kwani nyinyi mlipitia wapi saa hizo zote saba?

#13 chausiku_a
#12 tulikuwa tunawasubiri. Na usilete mlima, maana najua unapotaka kwenda.

#14 Kamba Mbili
Umenisaidia. Mlima Kenya 5199: 8352, halafu 6174. Mbili. Kilimanjaro tatu. Nyinyi ni warefu, sawa, lakini mnachelewa.

#15 Papa wa Goma
Bandugu na siye wa Congo tuko hapa. 1960 yetu: 9441, 7992, 7173, 6354, 3087, 8352, 6174. Hatua saba kama Tanganyika. Basi tuko pamoja kwenye foleni.

#16 Kisiki Mkavu
Naona nyuzi inaenda kwenye siasa za milima. Nimeuliza KWANINI jamani.

#17 Fundi Redio
Kwanini yake ni rahisi. Ukitoa namba na namba nyingine yenye tarakimu zilezile ila zimepangwa tofauti, jibu lazima ligawanyike kwa 9, mlifundishwa shule mkasahau. Kwa hiyo kila hatua unadondokea kwenye vigawe vya 9. 6174 jumlisha tarakimu zake ni 18, nayo ni kigawe cha 9. Kwisha habari.

#18 Binti Makunduchi
Haijakwisha. Vigawe vya 9 vya tarakimu nne ni elfu moja kamili kuanzia 1008 mpaka 9999. Umetuambia tuko kwenye nyumba gani, hujatuambia kwanini wote tunalala chumba kimoja. Na zaidi ya hapo, fanya hivyohivyo kwa tarakimu tano. Majibu yote yanagawanyika kwa 9 vilevile lakini hakuna namba moja ya mwisho, unabaki unazunguka. 61974 inakupa 82962, inakupa 75933, inakupa 63954, inakurudisha 61974. Kwa hiyo 9 peke yake haitoshi.

#19 Fundi Redio
Hizo za tano mimi sijazizungumzia, mada ni nne.

#20 Binti Makunduchi
Ndio ujue sababu yako haishiki. Ingekuwa ni 9 basi na kwa tano ingefanya kazi.

#21 Sheikh Namba
Assalaam aleykum. Mnahangaika bure na kutoa na kujumlisha, tazameni namba yenyewe. 6174 ukiigawa kwa jumla ya tarakimu zake, yaani 18, unapata 343. Na 343 ni 7 mara 7 mara 7. Halafu hatua haziwahi kuzidi ngapi? SABA. Na 6174 hiyohiyo ni 18 kipeo cha tatu ujumlishe 18 kipeo cha pili ujumlishe 18. Pigeni wenyewe, 5832 na 324 na 18. Mnadhani hii imetokea tu yenyewe?

#22 Gari Bovu
Nimepiga. 6174 kweli. Nywele zimesimama.

#23 dogo_wa_koding
#22 zilaze. Hiyo ya 18 inatokana na kwamba 343 ni sawa na 324 + 18 + 1, ukizidisha kwa 18 lazima upate hizo tatu, ni jambo moja limesemwa mara mbili. Na ya saba: kwa tarakimu tatu kila kitu kinaishia 495, hatua nyingi zaidi ni sita. Vunja 495 uone, ni 5 mara 9 mara 11. Sita iko wapi?

#24 Sheikh Namba
Tano na tisa na kumi na moja jumla 25, 2 na 5 ni saba tena.

#25 dogo_wa_koding
😂😂 Sheikh nimenyoosha mikono.

#26 Binti Makunduchi
Sheikh ukitaka za kushangaa zipo bila kulazimisha. Vunja 6174 kwenye namba tasa: 2, 3, 3, 7, 7, 7. Kila moja ipige yenyewe kwa yenyewe ujumlishe: 4 + 9 + 9 + 49 + 49 + 49 = 169, ambayo ni 13 mara 13. Haina maana yoyote ninayoijua mimi lakini tamu. Halafu Kaprekar huyohuyo ndiye aliyeanzisha habari ya namba zinazogawanyika kwa jumla ya tarakimu zao, wanaziita za Harshad, na 6174 imo. 1729 ya Ramanujan nayo imo, jumla yake ni 19 na 19 mara 91 ni 1729.

#27 Mwalimu Mstaafu
Na baba yake Kaprekar alikuwa karani mpenzi wa unajimu, alimfundisha mtoto mahesabu ya nyota. Mama alifariki mtoto ana miaka minane. Kwa hiyo Sheikh Namba usivunjike moyo, mlango wenu ni mmoja, ila mwenzio aliendelea mpaka ndani.

#28 Nyuki Dume
Kwahiyo kwenye mkeka wa leo wa kubeti naweka nini?

#29 Pilipili Kichaa
Weka akili.

#30 Mwalimu Mstaafu
Haya turudi. Kisiki Mkavu shika kalamu. Tarakimu zako ziite a, b, c, d kwa kushuka. Ukitoa namba ya kupanda kwenye ya kushuka, maelfu na mamoja yanabaki 999 mara (a toa d), mamia na makumi yanabaki 90 mara (b toa c). Basi. Yaani jibu halijali namba yako yote, linajali tofauti mbili tu, ya nje na ya ndani. Chukua 1961 yako: 9, 6, 1, 1. Nje 9 toa 1 ni 8, ndani 6 toa 1 ni 5. 999 mara 8 ni 7992, 90 mara 5 ni 450, jumla 8442. Ndiyo hatua yako ya kwanza pale juu.

Sasa tofauti ya nje iko kati ya 1 na 9, ya ndani haiwezi kuizidi ya nje, anzia 0. Hesabu uwezekano: 2 + 3 + 4 mpaka 10, unapata 54. Namba elfu kumi kasoro zimeingia, hatua ya kwanza tu zimebaki 54. Hapo muujiza umeshapungua sana.

#31 Kisiki Mkavu
Mwalimu hapa ndio nimeanza kuelewa. Kwa hiyo 54 ndio zinapigana.

#32 Fundi Redio
Na zote 54 ni vigawe vya 9, si nilisema.

#33 Binti Makunduchi
Ulisema, tumekusikia.

#34 Kamba Mbili
Niongeze hapo kwa mwalimu. Ukifanya ile kutoa kwa mkono kama mtoto wa darasa la tatu, kukopa na kulipa, utaona kitu. Tofauti ya nje iite p, ya ndani q. Jibu linatoka na tarakimu hizi kwa mpangilio: p, kisha q toa 1, kisha 9 toa q, kisha 10 toa p. Sasa angalia ya kwanza na ya mwisho, jumla yao daima 10. Mbili za katikati daima 8. 6174: 6 na 4, kumi. 1 na 7, nane. 8442: 8 na 2, 4 na 4. Hii kitu ilinifanya nikae.

#35 Gari Bovu
Daima? 5994 ya mleta mada iko #1 pale. 5 na 4 ni tisa, 9 na 9 kumi na nane. Daima yako imekatika.

#36 Mwalimu Mstaafu
Gari Bovu leo umepata mafuta. Kweli, ya Kamba Mbili inafanya kazi b na c zikiwa tofauti. Zikilingana, kama kwenye 8442 ambapo 4 na 4 ziko katikati, kukopa kunapita moja kwa moja na katikati panakaa 99, na za pembeni jumla 9. 5994, 1998, 0999 zote za ukoo huo.

#37 Kamba Mbili
Sawa, nakubali marekebisho. Lakini ukoo huo hauna wa kukaa: ukianza na katikati zinazolingana jibu lina 9 mbili na moja yake ni lazima iwe juu kabisa, jipangie uone, hakuna inayojirudia yenyewe. Kwa hiyo ya kujirudia lazima itoke kwenye ukoo wa kumi na nane... namaanisha wa 10 na 8. Ukitafuta p na q ambazo zikipangwa upya zinatoa p na q zilezile, inabaki 6 na 2 peke yake. 999 mara 6 ni 5994, 90 mara 2 ni 180, jumla ndio hiyo 6174.

#38 Lulu wa Mbezi
Nasoma tu kimyakimya. Mimi nafundisha la tano, huwa nawapa watoto hii Ijumaa kipindi cha mwisho. Hawajui kama wanafanya kutoa kwa kukopa mara saba, wanadhani ni mchezo. Anayekosea anajulikana haraka maana yeye hafiki. Kuna mmoja alifika 6174 hatua ya kumi na moja, nikamwambia kaangalie sifuri zako.

#39 Pilipili Kichaa
Madam hapo ndipo mlipotuibia Ijumaa zetu kumbe.

#40 dogo_wa_koding
Nimeandika programu ya Python mistari kumi na kitu, nimepitisha zote kuanzia 0000 mpaka 9999. Kumi zinazofanana zimekufa. Zilizobaki 9990 zote zimefika, hakuna iliyozidi hatua saba. Hatua moja 383, mbili 576, tatu 2400, nne 1272, tano 1518, sita 1656, saba 2184, na 6174 yenyewe sifuri. Kwa hiyo Kilimanjaro iko kwenye kundi kubwa kuliko yote, na nyie wa hatua saba mnafuata kwa wingi. Mada imefungwa, imethibitishwa.

#41 Kisiki Mkavu
Dogo umethibitisha KWAMBA. Mimi niliuliza KWANINI.

#42 dogo_wa_koding
Kuna tofauti gani? Zimekaguliwa zote, hakuna iliyobaki.

#43 Kisiki Mkavu
Ipo. Ukikagua wapangaji wote ukakuta wanatoka kijiji kimoja umejua wanatoka kijiji kimoja, hujajua kwanini walihamia.

#44 Fundi Redio
Mimi nabaki na 9.

#45 Mtu wa Mwanza
Kuna maelezo hayajasemwa. Namba ziko chache, 54 kama alivyosema mwalimu #30, na kila moja ina njia moja tu ya kutokea. Ukitembea bila kuishiwa njia kwenye sehemu chache lazima siku moja ukanyage ulipowahi kukanyaga, na toka hapo unazunguka milele. Kwa hiyo kuishia kwenye mzunguko ni lazima, kwa tarakimu zozote, wala haina maajabu. 6174 ni mzunguko wa mtu mmoja tu.

#46 Binti Makunduchi
Hiyo ni nzuri kuliko ya 9. Ila inaeleza kwanini kuna mzunguko, haielezi kwanini ni MMOJA na kwanini una namba moja. Kwa tarakimu mbili mzunguko ni wa namba tano: 09, 81, 63, 27, 45, halafu 09 tena. Kwa tarakimu tano kuna mizunguko mitatu tofauti. Mbona tatu na nne zimetulia?

#47 Mtu wa Mwanza
Bahati.

#48 Binti Makunduchi
Haya, bahati nayo ni ya Fundi Redio?

#49 Kamba Mbili
#47 hajakosea sana. Hii yote inategemea sisi tunahesabu kwa kumi. Wangekuwa na vidole vitano, mfumo wa tano, 6174 haina habari. Huko inayojirudia ni 3032: 3320 toa 0233 kwa hesabu za tano inarudi 3032. Kwetu sisi tunaiandika 392, namba ambayo hakuna anayeisalimia. Kwa hiyo siyo siri ya namba, ni siri ya namna ya kuziandika.

#50 Sheikh Namba
392 ni 8 mara 49. Saba mara mbili hiyo.

#51 Kamba Mbili
SHEIKH.

#52 Mwalimu Mstaafu
Kamba Mbili, hapo na mimi nasita. Kumi tumejichagulia, sawa, lakini tukishaichagua hatukuambiwa tutapata nini. Mimi naona jibu liko kwenye ule ukoo wa 10 na 8, unabana sana. Ila kwanini unabana mpaka abaki mmoja na asiwe na mzunguko wa pembeni, nimeshaandika karatasi nyingi, kila mara naishia kukagua moja moja kama dogo.

#53 Nyuki Dume
Mimi nimejaribu na namba ya siri ya simu yangu ya hela imefika hatua nne.

#54 chausiku_a
Umetupunguzia kazi, zimebaki 1272.

#55 Nyuki Dume
Mods futeni #53.

#56 Pilipili Kichaa
Tumeshaiscreenshot mkuu. Leta na namba ya simu tumalizane.

#57 Papa wa Goma
Kwa tarakimu tatu, msimbo wa simu wa Tanzania 255: 552 toa 255 ni 297. Wa Kenya 254: 542 toa 245 ni 297 tena. Kutoka hapo 693, 594, 495. Munagombana bure, munapita njia moja.

#58 Binti Makunduchi
Papa umegusa penyewe! 297 ni namba ya Kaprekar pia, ila kwa sifa nyingine. Ipige 297 mara 297 upate 88209. Ikate, 88 jumlisha 209, inarudi 297. Ndogo yake mojawapo ni 45: 45 mara 45 ni 2025, 20 jumlisha 25 ni 45. Mwaka 2025 ulipita hivihivi watu wanatakiana heri hawajui. Na kubwa kidogo ni 703, 494209, 494 na 209 ni 703.

#59 Lulu wa Mbezi
Hiyo ya 45 nimeichukua, ahsante. Ijumaa imepatikana.

#60 Mwalimu Mstaafu
Huyu mzee Kaprekar mwenyewe alisema yeye na namba ni sawa na mlevi na pombe, anataka aendelee tu kunywa abaki kwenye ile raha. Baada ya mke wake kufariki 1966 pensheni ikawa haitoshi, akawa anafundisha tuisheni ya hesabu na sayansi apate kula. Na akaendelea na namba zake mpaka alipofariki 1986.

#61 Gari Bovu
Mwalimu na pensheni, kila nchi ni hadithi moja.

#62 Fundi Redio
Nimerudi. Nimefanya za tarakimu sita usiku. Nimepata 631764, inajirudia yenyewe, na inagawanyika kwa 9. Mke wangu kaanza na namba nyingine kapata 549945, nayo inajirudia. Nani kakosea?

#63 dogo_wa_koding
Hakuna aliyekosea, kwa sita ziko mbili, na kuna mzunguko wa namba saba pembeni yake.

#64 Sheikh Namba
Namba ngapi? 😊

#65 Fundi Redio
Basi shemeji yangu ndio yuko huko. Yeye toka saa tatu yuko 420876, 851742, 750843, na anasema bado kidogo anafika.

#66 Kamba Mbili
Mwambie alale.